Vumbi ya mgodi isilale ku nyumba

Tuko katika miezi ya vumbi. Toka Mei mpaka karibu Oktoba mvua hainyeshi Kolwezi, Fungurume, Likasi wala Lubumbashi, na kila lori inayopita kwenye barabara ya udongo inaacha wingu nyuma yake. Wingu hilo linashuka juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya mihogo inayokauka kandokando ya njia, na juu ya mikono ya mtoto anayecheza mbele ya mlango. Sisi wa miji ya migodi tumezoea. Tunafunga dirisha, tunakohoa kidogo, tunaendelea na kazi.

Lakini vumbi hii haiko udongo tu. Karibu na migodi, viwanda na depo za kununulia mawe, inabeba shaba, kobalti, risasi (ile madini ya ndani ya batri ya gari), kadmiumu, arseniki, na mahali pengine hata uraniumu. Haina harufu, haichomi ngozi. Mtoto anaweza kuimeza kila siku, mwaka baada ya mwaka, bila mama kuona kitu. Anayengoja kuiona ndipo ajikinge atangoja sana.

Hatuandiki ili watu waache kazi. Mgodi njo unalisha nyumba zetu, na anayemwambia mchimbaji aache kuchimba bila kumpa kazi ingine anapoteza muda wake. Tunasema hivi: kuko sumu inayoingia kwa mlango wa nyumba, na mlango huo uko mikononi mwetu. Kuko na ingine inayotoka kwa kampuni, na hiyo tutaisema pia.

Vipimo vilionyesha nini

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kati yao Profesa Célestin Banza, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walitangaza matokeo ya vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Karibu theluthi moja walikuwa watoto chini ya miaka 14. Watu wa maeneo ya migodi na viwanda walikuwa na kobalti, shaba, risasi, kadmiumu, arseniki na uraniumu nyingi kuliko wale wa maeneo yasiyo na mgodi. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda ndio waliokuwa na kobalti nyingi zaidi, na watoto waliwapita watu wazima. Watafiti waliandika kwamba kobalti nyingi hivyo haijapata kuonekana mahali pengine duniani katika mkojo wa raia wa kawaida.

Kisha likaja jambo la Kasulo. Wote wa Kolwezi wanalikumbuka: mwaka 2014 mawe ya kobalti yalipatikana chini ya nyumba, na kwa muda mfupi kartie nzima ikageuka mashimo, katikati ya jikoni na vyumba vya kulala. Watafiti walewale walipima watu 72 wa pale na kuwalinganisha na watu wa kartie isiyo na mashimo. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Damu na mkojo wa watu wa Kasulo vilikuwa na kobalti nyingi zaidi, watoto kuliko wote, na ndani ya miili ya watoto hao kulionekana dalili za kuharibika kwa DNA. Mtoto haitaji kushuka shimoni ili apate kobalti. Kukaa pale kunatosha.

Utafiti wa tatu unagusa moja kwa moja nyumba za wasomaji wetu. Kati ya 2013 na 2015, katika hospitali za Lubumbashi, watoto waliozaliwa na kilema kinachoonekana walilinganishwa na watoto waliozaliwa wazima. Ulipotangazwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba hatari ilikuwa karibu mara 5 zaidi pale ambapo baba wa mtoto alikuwa na kazi inayohusu madini. Tuelewane vizuri. Utafiti huo haukusema ni madini gani wala yanapita njia gani, na kilema kina sababu nyingi. Mama asilaumiwe, papa asilaumiwe. Lakini mtu anayesikia habari hiyo, na mke wake ana mimba, ana sababu ya kuvua nguo za kazi kabla ya kuingia ndani.

Na mgodi ukifungwa, vumbi yake haifungwi. Ng'ambo ya mpaka, Kabwe nchini Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994. Mpaka leo watoto wa pale wana risasi katika damu, kwa sababu udongo wa makartie yao haujasafishwa wote.

Sumu inapita wapi

Inapita hasa kwa mdomo. Watu mingi wanafikiri ni pua peke yake. Pua iko, hasa kwa mchimbaji na kwa anayesaga mawe, lakini kwa mtoto ni mkono: anagusa sakafu, anagusa bote za papa, kisha anashika bukari kwa mkono uleule. Kwa watu wazima, watafiti waliochunguza njia za kobalti hapa Katanga waliona kwamba chakula kina sehemu kubwa, kwanza mboga zilizolimwa kwenye udongo wenye madini. Kuna pia maji, na kuna samaki wa mito na ziwa zinazopokea maji ya viwanda, kama Tshangalele kwenye mto Lufira.

Watoto chini ya miaka 6 na mama wenye mimba ndio wa kwanza kulindwa. Risasi inaharibu ubongo unaokua, na madaktari wa dunia nzima wanakubali kwamba hakuna kiasi kidogo cha risasi kisicho na hatari kwa mtoto. Kadmiumu inaumiza figo polepole. Vumbi ya kobalti inaumiza mapafu na inaweza kuleta pumu. Ikizidi sana mwilini inagusa moyo na tezi ya shingo.

Papa anaporudi kazini

Hapa njo pa kuanzia, na gharama yake ni ndogo.

Nguo za kazi zisiingie chumba cha kulala. Papa abadilishe kule kazini kama inawezekana. Bidoni ya litre 5 ya maji safi, kipande cha sabuni na nguo za kuvaa njiani vinatosha. Kama haiwezekani, abadilishe nyuma ya nyumba au kwenye banda la kuogea, kabla ya kusalimia watoto. Nguo chafu ziingie ndani ya mfuko unaofungwa. Bote na kaske zibaki nje, mahali ambapo mtoto hafiki. Aoge na kichwa, maana vumbi inakaa ndani ya nywele na kwenye ndevu, kisha apanguse simu yake, kwa sababu mtoto ataishika usiku huo huo.

Mama anayefua asikung'ute nguo zikiwa kavu. Aziloweke kwanza, ndipo asugue, katika beseni lake peke yake, mbali na nguo za mtoto. Maji machafu yasimwagwe kwenye bustani ya lengalenga wala pale watoto wanapochezea. Kama kuna mimba, kazi hiyo apewe mtu mwingine, na papa mwenyewe anaweza kuifanya.

Mawe yasilale ndani. Tunajua kwa nini watu wanaweka mifuko ya mawe chini ya kitanda: wanaogopa wezi mpaka siku ya kwenda kuuza Musompo. Lakini mifuko hiyo inatoa vumbi kila inapoguswa, na mawe ya eneo la Kolwezi yanaweza kuwa na uraniumu ndani, inayotoa gesi ambayo haionekani na inayoumiza mapafu ya wanaolala pale. Bora kibanda kidogo nje, kilichofungwa kwa kufuli, na hema juu ya mifuko. Na kusaga au kuchagua mawe ndani ya lupango, kando ya watoto, kuachwe kabisa.

Mfuko uliobeba mawe hata ukifuliwa usibebe unga, wala makala ya kupikia. Bidoni iliyobeba dawa ya kiwanda au asidi isibebe maji ya kunywa, wala mafuta, hata ikisuguliwa mara kumi. Bidoni za namna hiyo zinauzwa sokoni kwa bei ndogo. Uliza zilikotoka, muuzaji asipojua, ziache.

Sakafu, lupango na mikono

Ufagio mkavu unainua vumbi, na mtoto anaivuta. Nyunyizia maji kidogo kwanza, ndipo ufagie. Sakafu ya simenti ipangusiwe kwa kitambaa kilicholowa. Weka gunia lenye maji kidogo mbele ya mlango ili kila mtu apanguse miguu. Kama lupango ni udongo mtupu, panda majani, au funika sehemu ya kuchezea kwa mchanga safi ulioletwa kutoka mbali na mgodi na mto wake. Mabaki meusi ya viwanda yasitumike kusawazisha lupango.

Mikono ya watoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kila chakula na kabla ya kulala. Tukiulizwa kitu kimoja tu cha kuchagua katika ukurasa huu, tungechagua hicho.

Na watoto wasioshe mawe mtoni. Anayesimama kutwa nzima ndani ya maji ya matope ya kobalti, akinywa hayohayo akiona kiu, anabeba mzigo mara mbili.

Maji: kuchemsha kunaua wadudu, hakuondoi madini

Hapa kuna kosa linalorudia kila mahali. Watu wanasema moto unaua vyote. Moto unaua wadudu wa kolera, na kwa hiyo tuendelee kuchemsha au kutia klori. Kolera iko kwetu na inaua haraka. Lakini kobalti na risasi hazifi. Maji yakipungua kwenye sufuria, madini yanabaki yote na maji yanakuwa mazito zaidi. Kitambaa cha kuchujia kinashika mchanga, hakishiki madini yaliyoyeyuka.

Dawa yake ni kubadilisha mahali pa kuteka. Kisima kifupi kilichochimbwa karibu na mto wa kiwanda, au chini ya mlima wa mabaki, kisitumike kwa kunywa na kupika. Maji ya Regideso, au foraji ndefu iliyopimwa, ni bora. Kama maji hayo ni ya bei kali, yatunzwe kwa kunywa, kupika na maziwa ya mtoto mdogo. Mengine yatumike kwa kufagia na kufua. Anayekinga maji ya mvua aache mvua za kwanza za Oktoba na Novemba zioshe mabati, kisha ndipo aanze kuweka ndoo.

Maji yakigeuka rangi ya buluu au kijani, yakiwa machungu mdomoni, au samaki wakielea, acheni kuyatumia siku hiyo hiyo, hata kwa mifugo. Tarehe 18 Februari 2025, Chambishi nchini Zambia, ukuta wa bwawa la mabaki ya kiwanda cha shaba ulivunjika. Maji ya asidi yaliingia katika mto Kafue, samaki wakafa, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Mabwawa ya namna hiyo yako kwetu pia. Anayekaa chini ya bwawa ajue tangu leo atakimbilia upande gani.

Mboga na chakula

Mboga za majani, kama lengalenga na matembele, zinavuta madini kutoka ndani ya udongo kuliko mahindi au matunda. Kuosha mara tatu katika maji safi kunaondoa vumbi iliyo juu, na ni lazima kufanya hivyo. Ile iliyo ndani ya jani haitoki. Kwa hiyo mahali pa kulima ndipo penye maana: mbali na barabara ya malori, mbali na mabaki, na usimwagilie kwa maji ya mto unaopokea maji ya kiwanda. Viazi na mihogo imenywe ganda. Mihogo na mahindi yasianikwe kwenye ukingo wa barabara. Yaanikwe juu ya hema, ndani ya lupango, na yafunikwe lori zikipita.

Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu chokaa na mbolea ya samadi kwenye udongo wenye madini, kama ule wa Penga-Penga, kartie iliyopokea moshi wa kiwanda cha shaba kwa miaka mingi. Vitu hivyo vinasaidia kufunga sehemu ya madini ili mmea usiyavute sana. Ni msaada, lakini havifanyi udongo mbaya kuwa mzuri. Kwenye kiwanja kilichoharibika kabisa, panda maua au miti, na mboga ununue kutoka kwingine.

Mtoto mwenye upungufu wa damu anavuta risasi na kobalti nyingi zaidi kuliko aliyeshiba vizuri. Maharagwe, sombe iliyotoka mahali pazuri, ndakala na yai si anasa katika nyumba ya mchimbaji. Mama mwenye mimba anayetamani udongo, ile pemba ya sokoni, asiifiche: mara nyingi ni mwili unaolilia chuma. Vidonge vya chuma viko kwenye kituo cha afya. Na kunyonyesha kuendelee; faida yake kwa mtoto inabaki kubwa.

Lori ya asidi ikianguka

Barabara kutoka Kasumbalesa mpaka Kolwezi inabeba asidi ya salfa kila siku. Mwezi wa Februari 2019, karibu na Tenke, lori ya asidi iligongana na gari za abiria na watu wengi walikufa. Ajali ya namna hiyo ikitokea, msikimbilie na bidoni. Ondokeni kuelekea juu, na upande upepo unakotoka, mkiita watoto. Aliyerukiwa avuliwe nguo mara moja, amwagiwe maji safi mengi bila kuacha kwa dakika 20 au zaidi, macho pia, kisha apelekwe hospitali. Msimpake mafuta wala dawa ya meno.

Maziwa na lutuku havisafishi

Wachimbaji wengi wanaamini kwamba kikombe cha maziwa jioni kinateremsha vumbi. Wengine wanasema lutuku inachoma sumu. Maziwa ni chakula kizuri, yanywewe, lakini hayaondoi madini katika damu. Pombe inaongeza kazi ya ini na figo ambazo tayari zimechoka. Mafuta ya mawese pia hayafuti kitu. Kinga ya mapafu ni barakoa ya kweli inayobana uso, pamoja na maji ya kulowesha mawe kabla ya kuyavunja.

Mkienda kwa mganga, msiseme tu "mtoto anaumwa tumbo". Semeni mambo matatu: papa anafanya kazi gani, nyumba iko umbali gani na mgodi au kiwanda, na maji ya kunywa yanatoka wapi. Mtoto anayechelewa kusema, anayechoka bila sababu, mwenye tumbo linalouma mara kwa mara au damu isiyopanda hata akipewa dawa, kwa familia yetu hiyo ni sababu ya kuuliza kipimo cha risasi. Mchimbaji anayekohoa zaidi ya wiki mbili apimwe kifua kikuu kwanza.

Kampuni na Serkali wana deni

Yote tuliyoandika juu ni kazi ya nyumba, na nyumba haiwezi kufanya kazi ya kampuni. Mama hawezi kufunika mlima wa mabaki kwa kitambaa.

Katiba yetu, makala 53, inampa kila mtu haki ya kuishi mahali penye mazingira mazima. Makala 54 inasema kwamba uchafuzi unaotokana na kazi ya biashara unaleta fidia au matengenezo. Sheria ya madini, ile ya 2002 iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, inamlazimisha mwenye haki ya kuchimba alipe hasara aliyowasababishia watu, mali na mazingira, hata kama alikuwa na ruhusa ya kufanya kazi yake. Inaamuru pia 0.3% ya mapato ya mauzo iwekwe kwa maendeleo ya jamii zilizoguswa na mradi. Pesa hiyo inaweza kuchimba foraji na kumwagilia barabara. Muulize shefu wa kartie ni nani anayewawakilisha, na cahier des charges imeandika nini.

Jambo likitokea, andikeni siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, rangi ya maji, mifugo iliyokufa, majina ya waliougua. Pigeni picha. Barua moja iende kwa mkubwa wa kartie au kijiji, ingine kwa Division des Mines, ingine kwa huduma ya mazingira ya jimbo, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ibaki kwenu. Wakija kupima, ombeni matokeo kwa maandishi. Nyumba ishirini zikisaini pamoja, ni vigumu zaidi kuambiwa kwamba mama mmoja anatafuta pesa. Wachimbaji wa mikono nao wadai SAEMAPE na koperativa mahali pa kuogea na maji ya kulowesha mawe, kama wanavyodai bei.

Kazi hiyo ya barua na mikutano itachukua miezi, labda miaka. Ya nyumbani inaweza kuanza jioni ya leo, kabla papa hajafika: beseni moja liwekwe nyuma ya nyumba, ndoo ya maji na sabuni kando yake, na nguo safi zining'inie pale karibu.